KADI MPYA ISIWE KIPANDE CHA PILI

Ndugu Wafanya Kazi,

Tangu mwaka 2023 Serikali yetu imeanza kutoa kitambulisho kipya kiitwacho Maisha Kadi, chenye chipu ndani yake. Pamoja nacho iko Maisha Namba, ambayo mtu hupewa azaliwapo, akakaa nayo mpaka kufa. Sisi hatulipingi jambo hili. Kadi isiyoghushika kwa urahisi ni ngao ya mnyonge.

Lakini wafanya kazi hatusahau. Sheria ya mwaka 1915 ndiyo iliyoleta kipande, na wazee wetu wakakivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Humo ziliandikwa alama za vidole, jina la tajiri na mshahara. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mtu, hakuna kazi kwingine. Sheria ya mwaka 1947 ndiyo iliyokiondoa. Ubaya haukuwa karatasi. Ubaya ni kwamba tajiri alisoma habari za mtu, na mwenyewe hakuwa na la kusema.

Kwa hivyo twataka mambo matatu.

Kwanza, vidole. Fundi wa reli, mponda mawe na mchuma chai, vidole vyao huliwa na kazi. Mashine ikivikataa, mtu asiambiwe rudi kesho, akapoteza ujira wa siku. Pawe na njia nyingine ya kumtambua papo hapo.

Pili, siri. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa hatari kwa siri za watu haikupimwa kwanza, kama itakavyo Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kosa hilo lisirudiwe. Na tajiri asione zaidi ya yale yanayohusu kazi.

Tatu, asiachwe mtu. Wamakonde walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani. Walikaa miaka mingi bila kitambulisho, mpaka mwaka 2016 walipofunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi ndipo wakakubaliwa. Chipu haimsaidii asiyeandikwa.

Wanachama, lijadilini jambo hili katika matawi yenu, na kila mwenye shida ya kadi amwambie katibu wake. Mmoja akilalamika hufukuzwa dirishani. Tukisema wote, tutasikiwa.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa reli.