Shosho hajui kusoma? Hiyo pia ni shida ya afya

Chukua pakiti ya ORS. Ni dawa ya bei nafuu na inaokoa mtoto anayeharisha. Lakini kuna pakiti ya kuchanganywa na lita moja ya maji, na kuna ya nusu lita. Tofauti iko kwenye yale maandishi madogo. Ukiweka maji kidogo chumvi inazidi na mtoto anadhurika. Ukiweka mengi, dawa inakosa nguvu. Asiyejua kusoma atafanya nini? Atabahatisha.

Ongeza chupa ya dawa iliyoandikwa "5ml mara tatu kwa siku". Ongeza kijitabu cha kliniki: chanjo za wiki 6, 10 na 14, kisha ya surua miezi 9 na 18. Mtaani, anayebeba haya yote mara nyingi ni mathe au shosho.

Utafiti wa kitaifa uliotolewa 2007 uligundua kuwa asilimia 38.5 ya watu wazima Kenya hawakuwa wamefikia kiwango cha chini cha kujua kusoma na kuandika. Ni kitambo, lakini wengi wao ndio shosho wanaolea watoto wetu leo.

Najua utasema, "Si nitamsomea?" Poa. Lakini mtoto hapati homa kwa ratiba yako; saa hiyo uko job ama umekwama kwa mat. Halafu kuna karatasi ambazo mama hataki mwanawe azisome: majibu ya HIV, mambo ya kupanga uzazi. Akihitaji msomaji, siri yake imekwisha.

Tumezoea kucheka neno ngumbaru. Mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na dunia nzima ikampigia makofi. Makofi hayatoshi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya na haki ya elimu, bila kutaja umri.

Kliniki ziko chini ya kaunti, ngumbaru iko chini ya serikali ya kitaifa. Wakutane basi! Akina mama wanakaa foleni kliniki asubuhi nzima. Wapelekewe mwalimu hapo hapo, na lebo ya dawa iwe ndiyo kitabu cha kwanza.

MCA wako akija kuomba kura, muulize hilo. Na wewe, leo jioni, weka simu chini dakika ishirini. Anza na jina lake, kisha namba za kwenye chupa.