Baiskeli ya Mazoezi na Safari Ndefu: Mnunuzi Atazame Nini

Tangu zamani baiskeli katika nchi hii imekuwa mtumishi wa mizigo. Imebeba maziwa, kuni, magunia ya viazi na abiria, na hakuna aliyeiuliza uzito wake. Lakini wameongezeka watu wanaoitaka kwa kazi nyingine, yaani kufanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini, na kusafiri kilomita 100 siku ya mapumziko. Si ajabu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kupata mafunzo yake ya kwanza kwa David Kinjah huko Kikuyu, alishinda Tour de France mara 4. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za mashindano hayo hayo na kuvaa fulana ya kijani. Na mwezi wa Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani ulishindaniwa Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika.

Mtu akiona mambo hayo hutamani, naye akiisha kutamani huenda dukani na akiba yake mfukoni. Hapo ndipo hatari ilipo, maana baiskeli ya mbio haifanani na ile ya mizigo, na kosa la siku moja hulipwa kwa maumivu ya miaka.

Tuseme karani wa Nairobi ameweka akiba miaka miwili, naye ataka baiskeli ya bei ya kati, itakayomfikisha Limuru na kumrudisha kabla ya jua kuwa kali, na siku moja imfikishe Naivasha. Muuzaji amwonyesha baiskeli nyekundu inayong'aa, amwambia kuwa ni nyepesi mno. Ainyanyue kwa mkono mmoja, asifurahi upesi. Jambo la kwanza kuuliza si uzito, bali kipimo.

Fremu hutengenezwa kwa vipimo vingi, kama 52, 54, 56 na 58, na 54 ya kiwanda kimoja huenda isilingane na 54 ya kingine. Mnunuzi aisimamie baiskeli, miguu yake yote miwili ikiwa chini, aone kama bomba la juu halimgusi. Kisha apande. Akiweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke; akisogeza unyayo mahali pake pa kawaida, goti likunjike kidogo. Mikono ifike kwenye usukani bila kujinyosha kama mtu achumaye embe la mbali. Kiti huweza kupandishwa au kushushwa, lakini fremu haifupishwi. Fremu kubwa kupita kiasi huumiza mgongo na shingo, na mtu aumiaye kila Jumapili hatimaye huiegemeza baiskeli ukutani akaiacha hapo pamoja na fedha zake.

La pili ni umbo. Baiskeli za mashindano huufanya mwili uiname sana ili kuukata upepo. Nyingine zimetengenezwa kwa safari ndefu: usukani wake u juu kidogo, na fremu ina nafasi ya mipira minene. Kwa karani wetu hizi ndizo zifaazo. Zamani mipira ya milimita 23 ndiyo iliyopendwa. Siku hizi hata mabingwa wameiacha. Kwa barabara zenye mashimo na kokoto, 28 au 32 hupunguza mishtuko, wala haimcheleweshi mtu kama wengi wanavyodhani.

La tatu ni gia. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Limuru mita 2,200 hivi, basi safari hiyo ni kupanda. Gurudumu la meno la mbele likiwa na meno 34, na la nyuma 34 pia, kila mzunguko wa pedali huisogeza baiskeli mita 2 na kidogo tu. Likiwa na 39 mbele na 25 nyuma, huisogeza zaidi ya mita 3, na tofauti hiyo huonekana kwenye magoti. Shimano 105, au Tiagra iliyo chini yake kwa bei, hutosha kabisa kwa mazoezi. Anayelipa zaidi ya hapo, sehemu kubwa hulipia gramu chache, naye pengine angeweza kuzipunguza gramu hizo tumboni mwake bure.

La nne ni breki. Kupanda ni jasho, lakini kuteremka kuelekea Mai Mahiu kwaweza kuwa kifo. Breki za sahani hushika vizuri hata wakati wa mvua. Breki za kubana rimu ni nyepesi, na fundi yeyote huzijua, ila rimu ikilowa hukawia kushika. Anayechagua breki za sahani zinazotumia mafuta ahakikishe kwanza kuwa karibu naye yuko fundi azijuaye na vipuri vyake.

Wengi hununua baiskeli iliyokwisha tumika, na si vibaya. Lakini rahisi inavunja upishi. Fremu ya kaboni iliyoanguka yaweza kuficha ufa chini ya rangi. Itazamwe juani, hasa penye maungio, igongwe polepole kwa sarafu, na mahali panapotoa sauti nzito isiyofanana na kwingine pashukiwe. Fremu ya alumini itazamwe penye kuchomelewa. Mnyororo nao upimwe kwa rula: pini 13 zinazofuatana, kutoka katikati ya ya kwanza hata katikati ya ya mwisho, nusu ya viungo zikiwa za nje na nusu za ndani, ziwe na urefu wa inchi 6. Ziada ya sehemu moja ya 32 ya inchi yaonyesha kuwa mnyororo umechakaa, na huenda umeyala meno pia.

Mwisho, akiba yote isiishie kwenye baiskeli. Mnunuzi abakishe fedha za kofia ya kinga, taa za mbele na nyuma, pampu, tyubu mbili na suruali ya kuendeshea. Anayetoka alfajiri bila taa amewaachia madereva wa malori waamue juu ya maisha yake.

Karani akifuata hayo huenda akaiacha ile nyekundu ing'aayo, akatoka na nyingine ya rangi ya majivu, nzito kidogo, inayomtosha mwili. Wenzake watamcheka siku ya kwanza. Wakifika Limuru, watajua kwa nini aliichagua.