Ndoa Zinazongoja Hema

Katika makanisa mengi ya huku kwetu Mikinduri, wakati wa Komunyo utawaona wazazi wa makamo wakisalia vitini ilhali watoto wao wanapanga foleni kuelekea altareni. Si wahalifu hao. Wameishi pamoja miaka kumi au kumi na mitano, mahari imekwisha kuanza kutolewa, watoto wamebatizwa, lakini ndoa haijafungwa kanisani. Ukiwauliza kisa na maana, jawabu ni lile lile: “Bado twajipanga.” Nami nikichunguza naona kwamba wanachojipangia si sakramenti bali hema, keki, magari na mpiga picha.

Ningependa tutenganishe ndoa na karamu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1057, yasema kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili hao wenyewe. Kanuni ya 1108 yataka ridhaa hiyo itolewe mbele ya padri au shemasi mwenye mamlaka, pamoja na mashahidi wawili. Bwana na bibi harusi ndio wanaopeana sakramenti. Padri huipokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Huulizwa iwapo wamekuja kwa hiari, iwapo watapendana na kuheshimiana maisha yao yote, na iwapo watawapokea watoto watakaojaliwa na Mungu. Sare za wapambe hazimo. Isitoshe, kanuni ya 848 yamkataza padri kudai zaidi ya sadaka iliyowekwa, na yamtaka ahakikishe kwamba maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake.

Maandalizi ya kweli ni mengine, na ndiyo yanayosahaulika hadi wiki za mwisho. Cheti cha ubatizo hutakiwa kiwe kipya, kwa kuwa daftari la parokia ulikobatizwa ndilo linaloandikwa kwamba umefunga ndoa. Cheti cha zamani hakiwezi kuonyesha kwamba ungali huru. Aliyebatizwa parokia ya mbali na aandike barua mapema. Kuna mafundisho ya wachumba, kuna matangazo kanisani ili mwenye kujua kizuizi akitaje, na kuna maungamo. Meru ni nchi ya Wamethodisti pia, na vijana hawachumbiani kwa kuulizana madhehebu. Mkatoliki anayeoa au kuolewa na Mmethodisti huhitaji ruhusa ya askofu, nayo haipatikani kwa siku moja. Tarehe nazo zina mipaka: Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ndoa haifungwi kabisa. Nanyi wanafunzi mjue kwamba Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 hairuhusu ndoa yoyote kwa aliye chini ya miaka 18.

Nitaambiwa kwamba mila zetu zadai makuu. Mahari ya Mmeru, jinsi wazee wanavyoieleza, ilikuwa mtamba, fahali, kondoo jike, kondoo dume na asali. Barua ya posa ilikuwa kitita cha miraa kilichofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Sijasikia mzee aliyetaja keki ya ghorofa tatu. Hata sheria hiyo ya 2014 yakubali kwamba sehemu ya mahari yatosha kuthibitisha ndoa ya kimila.

Halafu tuitazame mifuko yetu. Familia nyingi za Tigania hutegemea miraa. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014; Somalia ikaifungia soko mwaka 2020 hadi 2022. Mwenye kuahirisha sakramenti hadi bei ya miraa ipande, ameikabidhi ndoa yake kwa mawaziri wa nchi za kigeni.

Sisi walimu tuna sehemu yetu katika lawama hii. Harusi zetu hurundikana Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa, na ndizo zinazoigwa na majirani. Sisi ndio makatibu na waweka hazina wa kamati za harusi. Kalamu inayoandika bajeti ni yetu. Kijana asiye na mshahara hutazama bajeti hiyo, akaona heri aishi na mwenzake kimya kimya. Marehemu Papa Fransisko aliliona jambo hili dunia nzima. Katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aya ya 212, alisikitika kwamba wengine hawafungi ndoa kwa sababu ya gharama za sherehe, akawahimiza wachumba wathubutu kuwa tofauti.

Simpingi mwenye uwezo. Harusi ni furaha ya ukoo, na nyama choma ya harusini mimi huila bila kusitasita. Lakini mtu hujikuna ajipatapo. Ndoa yaweza kufungwa katika Misa ya asubuhi siku ya kazi, wakiwapo mashahidi wawili na wazazi, kisha watu wakanywa chai kwa mandazi nyumbani. Yaweza pia kufungwa kwa pamoja, wenzi kadhaa siku moja, na gharama ikagawanywa. Katika kamati ijayo nitakayoalikwa, ajenda ya kwanza nitakayopendekeza ni vyeti vya ubatizo. Hema tutalijadili vyeti vikiisha kufika.