Kimsingi, Hatujajibiwa

Sisi watu wa Gisenyi hatuna ugomvi na mtu anayetafuta neno. Mji wetu umekaa mlangoni mwa Goma: asubuhi unaamkia Kinyarwanda, sokoni unapatana bei kwa Kiswahili, mtoto anarudi shuleni na daftari la Kiingereza, na babu yake bado anahesabu pesa kwa Kifaransa. Ulimi ukikwama hapo katikati, ukasema "eee" au "nanihii", nani atakulaumu? Tunaowalalamikia ni wengine. Ni wale ambao jibu wanalo, au wanajua fika kwamba hawana, lakini wanatuzungusha kwenye "kimsingi", "kwa kweli", "kama mnavyofahamu" na "niseme tu" mpaka kipindi kinaisha.

Na huku kwetu mambo yamezidi, maana mpakani wanakagua mizigo, hawakagui vinywa. Kutoka ng'ambo zinaingia "donc", "bon" na "en fait". Kutoka Kigali inashuka "mu by'ukuri", ambayo mtu akisogezewa kipaza sauti tu inatangulia, swali lenyewe bado halijaisha. Vijana waliosomeshwa kwa Kiingereza baada ya uamuzi wa 2008 wa kubadili lugha ya kufundishia wanatuletea "so" na "actually". Mwaka 2017, Kiswahili kilipopitishwa kuwa lugha rasmi ya nne ya Rwanda, wengi wetu tulifurahi. Lugha iliyokuwa ikidharauliwa kuwa ya madereva na ya watu wa sokoni sasa ingevaa suti. Imevaa kweli, na mfukoni imejaza "kimsingi".

Msituambie kwamba hata sisi tunazisema. Tunazisema, tena sana. Nenda kwa mama anayeuza samaki wa sambaza, simama kando, sikiliza.

"Bon, mama, njo vile tu? Ongeza basi kidogo."

"Dada yangu, yaani, ziwa nalo siku hizi, unaona... nyine."

"Donc hauniongezei?"

"Haya, shika hizi."

Hayo maneno madogo yote yamefanya kazi. "Bon" imefungua mazungumzo bila kumkosea mtu heshima. "Yaani" imempa mama nafasi ya kufikiria kama anaweza kuongeza. Ile "nyine" ya mwisho imekiri bila kukiri kwamba leo samaki si wa kusifia. Na hatimaye sambaza zimeongezwa, kila mtu kaenda zake. Wataalamu wa lugha wana maelezo yao. Mwaka 2002 Wamarekani wawili, Herbert Clark na Jean Fox Tree, waliandika kwamba hata ile miguno ya Kiingereza, "uh" na "um", humwambia msikilizaji asubiri, na kwamba "um" huashiria kusubiri kurefu zaidi. Tunakubaliana nao. Mtu akiniambia nisubiri, nitasubiri. Lakini sharti mwishoni kitu kije.

Kwenye mpira tumeshakata tamaa. Uwanja wa Umuganda, wanakochezea Etincelles na Marines, tumeona kila aina ya mechi: ya mvua, ya kadi nyekundu, ya bao la dakika ya mwisho. Zote, ukisikiliza mahojiano, zilikuwa mechi moja. Kwanza kabisa anashukuriwa Mungu. Mchezo ulikuwa mgumu. Nafasi zilipatikana, mu by'ukuri, hazikutumiwa. Wanarudi kurekebisha makosa. Makosa yapi? Mtangazaji haulizi, maana naye yuko na "naam, naam, naam" yake, na swali lake lilikuwa refu kuliko jibu.

Watangazaji hawa ndio hasa tungependa kuwashika masikio. Ni wao waliowafundisha watu kwamba ukimya ni fedheha. Mzee mmoja akiulizwa jambo, akanyamaza sekunde mbili alipange kichwani kama walivyofanya wazee siku zote, keshakatizwa: "Haloo? Mzee, unatusikia?" Anatutia huruma. Mara ya pili haachi tena pengo, analiziba na chochote kilicho karibu. Kijana anayekwenda kufanyiwa usaili kwenye hoteli za ufukweni anajua somo hilo hilo: bora aseme "actually" mara kumi kuliko kuonekana anawaza.

Halafu watuambie kwamba ni mazoea tu, kwamba ulimi hauzuiliki. Unazuilika. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipotema moto na watu wa Goma wakamiminika huku kwa miguu, magodoro kichwani, hatukusikia "kimsingi" hata moja. Tulisikia: pita hapa, shika mtoto, maji yako wapi, umemwona mama? Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, vyote vilikuwa vifupi na vyote vilieleweka. "Kimsingi" ilirudi siku zilizofuata, matetemeko yalipokuwa yakipasua kuta za nyumba za wilaya yetu ya Rubavu, nasi tukafungua redio kutaka kujua jambo moja: tulale ndani au nje? Tuliambiwa, kwa kweli, kwamba hali, kama mnavyofahamu, inafuatiliwa kwa ukaribu. Tukalala nje.

Mikutano ya wananchi tusiiguse sana, maana pale kuna itifaki, na itifaki ni ugonjwa mwingine. Ila nani asiyejua kwamba mtu akisema "nisiwachoshe" ndipo uanze kutafuta mahali pa kukaa?

Na kuna hili la mpaka. Petite Barrière si mlango wa watalii. Ni njia ya beseni la nyanya, ya kuku waliofungwa miguu, ya mama anayevuka asubuhi na mtaji wa siku moja na anayetakiwa kurudi kabla lango halijafungwa. Saa za kufunga tumeziona zikibadilika, kwa ugonjwa, kwa vita, kwa sababu nyingine tusizoambiwa. Basi swali likapelekwa redioni, kwa mtu wa kulijibu: leo wanafunga saa ngapi? Akaanza na ujirani mwema. Akapitia usalama wa raia, akagusa Jumuiya ya Afrika Mashariki, akasema "donc" mara tatu na "niseme tu" ambayo haikusema kitu, akashukuru kwa swali zuri. Yakaingia matangazo ya sabuni.

Tukampigia motari wa pikipiki anayeegesha pale pale mpakani. Alitaja saa, akakata kuokoa salio.