Vijana, mtafiti si idadi ya kunukuliwa tu

HEBU ingia Google Scholar sasa hivi uandike jina la mhadhiri wako. Utaona makala alizochapisha, na kando yake tarakimu: amenukuliwa na watafiti wengine mara ngapi, na kipimo chake cha h ni ngapi. Ni rahisi kuzisoma jinsi tunavyosoma akaunti za TikTok: mwenye nyingi ndiye mkali, mwenye chache hana lake.

Lakini ngoja kwanza. Tarakimu hizo husaidia kuamua nani ataajiriwa, nani atapanda cheo na nani atapewa pesa za utafiti. Katika sayansi ya tiba, hiyo ina maana kwamba zinachangia kuamua ni ugonjwa upi utatafutiwa dawa na upi utasahaulika. Ndiyo maana wewe unayesomea uuguzi, famasia au baiolojia unafaa kuzielewa.

Kipimo cha h kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Hesabu yake si ngumu. Ukiwa na makala 20 na kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Ukiwa na makala moja tu, hata inukuliwe mara 5,000, h yako ni 1. Umeona hapo?

Sasa, mwaka huo huo wa 2005, Katalin Karikó, mzaliwa wa Hungaria, na mwenzake Drew Weissman walichapisha makala katika jarida la Immunity. Walionyesha kwamba ukibadilisha kidogo mojawapo ya herufi za mRNA iliyotengenezwa maabarani, mwili unaacha kuishambulia kama adui. Weissman amesimulia kwamba walitarajia simu zianze kulia. Hazikulia.

Kwa Karikó, kupuuzwa hakukuwa jambo geni. Mwaka 1995 alikuwa ameshushwa cheo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa kukosa ufadhili. Mwaka 2013 akajiunga na kampuni ya BioNTech nchini Ujerumani. Kisha corona ikaja. Chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna, ambazo huenda wewe au mzazi wako mlidungwa, zimejengwa juu ya ugunduzi ule. Oktoba 2023, wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Makala iliyopuuzwa sasa inanukuliwa kila kukicha, na hakuna neno lililobadilishwa ndani yake. Ni sisi tuliochelewa kuisoma.

Geuza upande wa pili. Mwaka 1998, Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika The Lancet makala kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida hilo liliifuta mwaka 2010. Hata hivyo imenukuliwa kwa wingi, mara nyingi na watu wanaoipinga. Mashine ya kuhesabu haijui kusifiwa na kukosolewa. Kwake yote ni moja.

Halafu kuna suala la umati. Anayetafiti saratani ana maelfu ya wenzake duniani wa kumnukuu. Anayetafiti kala-azar, inayosumbua watu wa Baringo na Turkana, ana wachache. Je, kazi yake ni duni? Muulize mama wa Baringo anayeuguza mtoto.

Ukweli usemwe: hatutaki tarakimu zitupwe. Zikiondolewa kabisa, huenda vyeo vikagawanywa kwa kujuana, na hilo tunalijua vizuri hapa kwetu. Shida ni pale tarakimu inapokuwa ndiyo lengo. Hapo ndipo watu hukimbilia majarida ya kilaghai, yanayopokea dola zako na kuchapisha chochote bila wataalamu kukikagua. Hapo ndipo mtu hutia jina lake kwenye kazi ambayo mwanafunzi wake alisota nayo peke yake.

Msimamo wetu ni huu: vyuo vyetu na wanaotoa ufadhili wasome kazi yenyewe. Mtafiti alete makala zake tano bora, aeleze zilibadilisha nini, na wenye ujuzi wazisome. Azimio la San Francisco, lililoandaliwa mwaka 2012, linasema kazi ipimwe kwa uzito wake, si kwa sifa ya jarida ilimochapishwa. Si jambo geni, ni kazi tu ya kukaa chini na kusoma.

Nawe, unapotafuta msimamizi wa utafiti wako, usiishie kwenye h yake. Soma angalau makala moja aliyoandika. Waulize wanafunzi wake wa zamani kama majina yao yaliwekwa panapostahili. Na siku utakapochapisha makala yako ya kwanza na mwaka upite bila mtu kuinukuu, usikate tamaa. Jiulize tu: nilichokiandika ni kweli, na kina wa kumfaa?