Usioshe Tangi Ukaiacha Mipira

Wengi wenye mashua ya matanga ya siku nyingi husugua tangi la maji ya kunywa, wakadhani kazi imekwisha. Mimi nasema bado. Mipira ya maji iliyozeeka huota utando telezi ndani. Vijidudu hujificha humo, na klorini haivifikii vizuri. Ile ipitishayo mwanga huota pia uchafu wa kijani. Afadhali ing'oeni yote, mweke mipya isiyopitisha mwanga, iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, si ya kumwagilia bustani. Kisha ijazeni maji yenye klorini, yalale humo usiku kucha, halafu suuzeni sana. Gharama ipo. Lakini mtoto akiharisha katikati ya bahari, dripu mtaipata wapi?