Ungeniuliza, Baba



Wazazi wenzangu, na hasa nyinyi akina mama ambao ndio mnaousoma ukurasa huu kwanza kabla ya kumwekea baba watoto juu ya meza, likizo ya Disemba imeshatufikia. Shule zimefungwa, chuo nacho kimepunguza saa, kaskazi imeshika, na nyumba zetu za Mji wa Kale zimekuwa tanuri. Wengi wenu mmeniuliza: hawa wavulana tuwafanye nini mwezi mzima? Leo sitawajibu kwa darsa. Nitawajibu kwa kisa cha nyumbani kwangu, na mshindi wa kisa hicho si mimi. Nimemtaka ruhusa mwanangu mkubwa nikiandike, naye amenipa kwa sharti nisilitaje jina lake.

Mwenyezi Mungu ameniruzuku wana watatu. Mkubwa ana miaka 15, wa kati 11, na kitinda mimba ana 7. Mimi ni mwalimu wa chuo. Tangu alfajiri hadi baada ya Isha huwasikiliza watoto wa watu wakisoma. Wangu pia huwasikiliza wakisoma, na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa yakikomea. Nilidhani hayo ndiyo malezi.

Miezi michache iliyopita mkubwa alianza kuchelewa kurudi baada ya Alasiri. Siku nyengine alinijia Magharibi imeshaadhiniwa, macho mekundu, kimya. Nikimuuliza amefika wapi katika hifdhi, hujibu neno moja na kuingia chumbani. Sisi watu wa Mombasa tunaijua hofu iliyonishika. Hakuna mtaa wetu usiokuwa na mama anayemlilia kijana aliyepotezwa na unga. Nikaanza kuyahisabu macho yale mekundu, na kimya kile, na kila nilipohisabu nilipata jawabu moja.

Usiku mmoja alipokuwa amelala, niliufungua mkoba wake. Nilikuta uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kijiti, na daftari dogo lililofungwa kwa uzi uo huo. Ndani ya daftari hapakuwa na somo lolote. Palikuwa na safu za nambari: 14, 15, 16, na mbele ya kila nambari saa za asubuhi na saa za jioni, na mishale, mmoja waelekea juu na mmoja chini. Baadhi ya siku zilitiwa alama nyekundu. Moyo ukanambia: hizi ni saa za kupokea na kupeleka. Nikalifunga daftari nikalirudisha.

Nilipomweleza mama yao, aliacha kukunja nguo akaniangalia. "Mwalimu," akanambia, "muulize mwanao."

Sikumuuliza. Nilikuwa mkavu kwake kwa majuma mawili. Niliacha kumpa pesa mkononi, nikawa nampa mdogo wake ampelekee. Kisha nikatangaza kwamba siku ya pili tutatoka sote wanne kwenda pwani ya Likoni. Wadogo waliruka kwa furaha. Lakini nia yangu, Mungu anisamehe, haikuwa matembezi. Nilitaka kumweka kijana mbele ya macho yangu kutwa nzima.

Tulivuka kwa feri kama wavukavyo watu, kwa miguu na bila ya nauli, tukibanwa na mikokoteni na wachukuzi. Mdogo aliniuliza mbona feri haigeuki inapofika ng'ambo. Sikuwa na jawabu; nimevuka maisha yangu yote na sijapata kulifikiri. Mkubwa ndiye aliyemwambia kwamba feri ina milango pande zote mbili, basi mbele yake huwa nyuma na nyuma huwa mbele. Wa kati alizihisabu meli zinazoingia Kilindini. Mkubwa hakuziangalia meli. Aliyaangalia maji.

Tulifika ufukweni yapata saa nne. Bahari ilikuwa imekupwa ikaenda mbali, na mwamba umetoka nje, mweusi na kijani, una vidimbwi kila mahali. Nilitaka kuwavua wadogo viatu, mkubwa akasema, "La, Baba, wabaki na ndara zao, mwambani kuna miiba." Tukaingia. Tuliona kaa, tuliona samaki wadogo wa rangi waliobaki vidimbwini, na mama mmoja aliyekuwa akichokoa pweza alituonyesha tundu lake. Nami, kwa mazoea ya kazi, nikawasimamisha wanangu nikaanza kuwasomea darsa juu ya maumbile. Walinisikiliza kwa adabu, huku macho yao yako kwenye kaa.

Muda si muda tulikuwa mbali na ufuo. Mkubwa akasimama. Alikuwa akiyatazama majani ya baharini yaliyomo kidimbwini, jinsi yalivyolala.

"Baba, maji yameshageuka. Turudi."

Nikaangalia huku na huku. Mwamba ulikuwa mkavu vile vile. "Bado sana," nikamwambia, "tuna saa nzima."

"Leo ni mwezi kumi na sita, Baba. Ni bamvua. Yakianza hayangoji mtu. Tena hayatujii mbele, hutuzunguka nyuma."

Ilinijia kumkemea, maana baba hapendi kufundishwa mbele ya wadogo. Lakini alikuwa ameshampakia kitinda mimba mgongoni na kumshika wa kati mkono, na sauti yake haikuwa ya mtoto anayeshindana. Nikamfuata. Basi pale tulipopita tukija, ambapo maji yalinilowesha vifundo vya miguu, sasa yalinifika magotini, na yalikuwa yakivuta. Nilikunja kanzu hadi kiunoni. Mwanangu alitupitisha kwa njia aliyoijua yeye, akipapasa mchanga kwa mguu kabla ya kukanyaga. Tulipoketi ufukweni na kugeuka kuangalia, haukupita muda mrefu, na lile jiwe nililolisimamia kusoma darsa lilikuwa halionekani.

Wadogo walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiwaza nani angemshika nani kama tungebaki kunisikiliza.

Nikamwambia mkubwa, "Nifundishe." Akachukua kijiti akachora mchangani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa njia moja, nayo maji hukupwa sana na kujaa sana, na hapa Mombasa hupanda zaidi ya mita 3. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi unapofika saba au nane, na tena ishirini na mbili, huwa maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Hujaa kwa takriban saa sita, na saa mbili za katikati peke yake huleta kama nusu ya maji yote; hizo ndizo zinazoua watu. "Kwa hivyo, Baba, mwenye kujua tarehe ya Kiislamu anajua bahari ikoje hata kama hajaiona." Na kila alipotaja kupwa alichora mshale chini, na kila alipotaja kujaa alichora mshale juu.

Ile mishale niliijua.

"Daftari lako," nikasema, na maneno yakanikatika.

"Nalijua umelisoma, Baba. Asubuhi yake nalikuta fundo si langu."

"Mbona hukunambia?"

Alifuta mchoro kwa kiganja. "Nalingoja uniulize. Ungeniuliza, Baba, ningekwambia. Wewe waniuliza juzuu tu."

Hapo ndipo nilipopata habari kamili. Kila Alasiri kijana wangu alikuwa kwa nahodha mmoja mzee, akimsaidia kushona nyavu na kutia kalafati mashua yake. Macho yale mekundu yalikuwa ya chumvi na jua. Alama nyekundu ni siku za bamvua. Na uzi ule ni wa jarife.

Ndugu zangu, aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayotukataza dhana mbaya na kupelelezana, nimeisomesha mara nyingi nisizoweza kuzihisabu. Nimeifasiri mimbarini watu wakalia. Lakini nilipofika chumbani kwa mwanangu niliiacha mlangoni pamoja na viatu. Nilidhani aya ile ni ya majirani. Sikudhani kwamba mtoto wangu naye ni Mwislamu mwenye haki ya kudhaniwa wema.

Kisha nikamkumbuka Abu Umayr, nduguye Anas, mtoto mdogo aliyekuwa na kijindege chake. Mtume wetu (S.A.W.), pamoja na mzigo wa umma mzima mabegani mwake, alipomwona mtoto yule alimuuliza habari za ndege wake. Nikajiuliza: je, mimi nawajua ndege wa wanangu? Nilijua mkubwa yuko juzuu ya ngapi. Sikujua anapenda nini.

Pale pale ufukweni nilimtaka radhi, wadogo wakisikia. Nawaambieni kweli, ulimi wangu ulikuwa mzito kuliko siku yoyote niliyosimama mbele ya watu. Yeye alinibusu mkono akasema, "Hapana neno, Baba." Tulivuka kurudi tukaiwahi Adhuhuri, na ndani ya feri alisimama karibu yangu.

Nyumbani nilimsimulia mama yao. Hakushangaa hata kidogo. "Kanzu zake nazifua mimi, Mwalimu. Unga haunuki chumvi wala mafuta ya mashua." Nikamuuliza mbona alininyamazia. Akasema, "Siri ya mtoto si yangu kuitoa. Mimi nalikwambia umuulize."

Siku ya pili nilikwenda kumwamkia yule nahodha. Alinikaribisha juu ya gogo, akanipa kahawa. Akanambia kijana ana mikono mizuri, na kwamba alimhimiza mara kadhaa anitake ruhusa. "Nami kila mara alinijibu, mwalimu ana kazi." Neno hilo ninalo mpaka leo.

Sasa tumepatana. Siku tatu za juma Alasiri yake ni ya chuo, siku mbili ni ya pwani, na Magharibi lazima imkute msikitini. Sitawadanganya kwamba hifdhi yake imekimbia. Bado ni mwendo wa kobe. Lakini akija kunisomea huja kwa uso mwengine, na akimaliza haondoki haraka. Jumamosi hutoka na wadogo pia. Juzi wa kati alinipeleka Marikiti, eti anataka kunionyesha muuza viungo mwenye mizani ya zamani, na kitinda mimba nilikaa naye barazani saa nzima tukiwaangalia siafu wakihama. Sikuwasomea darsa. Nilikuwa nikijizuia kama mfungaji anayenusa sambusa.

Basi kwa wale walioniuliza, jawabu langu ni hili. Likizo haitaki pesa nyingi. Feri ni bure, ufuo ni wa Mungu, na baraza ni yenu. Mtoto wa kiume ukimkalisha mbele yako na kumkazia macho hufunga kinywa. Tembea naye ubavu kwa ubavu, utasikia ambayo hukuyatarajia. Wasia ule mkubwa ambao Ibn Abbas aliupokea kwa Mtume (S.A.W.), aliupokea akiwa kijana mdogo amepakiwa nyuma yake juu ya mnyama, wala hawakuwa darasani. Simu iacheni nyumbani. Mkiwa na zaidi ya mmoja, kila mmoja apate siku yake. Na ukiona jambo linalokutia shaka, usiufungue mkoba. Umfungue mtoto kwa swali, kwa upole, na uwe tayari kulisikia jawabu lolote liwalo. Huenda likawa zito kweli, maana unga upo na hatari ipo. Lakini hata hilo zito, afadhali likujie kwa kinywa chake kuliko kwa kinywa cha mtu mwengine.

Nanyi akina mama, mnaoyajua ya watoto kwa harufu ya nguo zao, msichoke kutwambia, "Muulize." Sisi wanaume twachelewa kusikia.

Mwenyezi Mungu atujaalie wana wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na sisi atujaalie tusiwe wageni kwao ndani ya nyumba moja. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.